Kumfumia Mbwa Sweta la Krismasi

Sweta la Krismasi la mbwa ni vazi linalofumwa kwa sindano, likafuatishwa umbo la mnyama wa miguu minne na kupambwa kwa rangi na michoro ya sikukuu. Limezoeleka zaidi Uingereza, Norwei, Marekani na Kanada, nchi ambazo mbwa wengi huishi ndani ya nyumba na ambazo Desemba ni mwezi wa baridi. Watu huliona kuwa pambo. Mbwa mwenyewe huhisi tu kama linambana au linamwacha huru, kama linampa joto au linamwasha. Ndiyo maana kazi yote, tangu kuchagua uzi hadi kufunga kitanzi cha mwisho, inapaswa kuongozwa na mwili wake, mapambo yakafuata nyuma.

Sweta la sikukuu lilikotoka

Michoro inayolitambulisha sweta la Krismasi ilitoka mikononi mwa wafumaji wa kaskazini mwa Ulaya. Huko Selbu, Norwei, mwaka 1857, msichana aliyeitwa Marit Guldsetbrua Emstad alifuma glavu za rangi mbili zenye nyota ya ncha nane. Zilipoonekana kanisani zilipendwa, wengine wakaiga, na katika miongo iliyofuata ufumaji wa glavu hizo ukawa kipato cha kaya nyingi za eneo hilo. Nyota ile ilihamia kwenye masweta na kofia, na leo hutumika duniani kote kama alama ya majira ya theluji.

Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, kisiwa kidogo cha Fair Isle kilipata sifa kwa masweta yenye mikanda ya michoro midogo ya rangi nyingi. Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alipoyavaa kwenye viwanja vya gofu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtindo huo ulienea upesi. Mwaka 1925 mchoraji John St Helier Lander alimchora akiwa amevaa sweta la Fair Isle huku amempakata mbwa.

Sweta lenye kulungu wa nchi za theluji, miti ya Krismasi na rangi zinazopigiana kelele lilikuja baadaye. Katika miaka ya 1980 watangazaji wa televisheni nchini Uingereza walilizoesha machoni pa watu, kisha likaonekana limepitwa na wakati. Filamu ya Bridget Jones's Diary ya mwaka 2001, ambamo mwigizaji Colin Firth anatokea amevaa sweta lenye kichwa cha kulungu, ililirudisha mazungumzoni. Mwaka 2002 vijana wa eneo la Vancouver, Kanada, walianzisha sherehe ambayo kila mgeni hutakiwa kuvaa sweta la Krismasi lililozidisha mapambo. Tangu 2012 shirika la Save the Children nchini Uingereza limekuwa na siku maalumu ambayo watu huvaa masweta ya aina hiyo na kuchangia watoto. Mbwa wameingia katika desturi hii kupitia familia zao: nyumba nzima ikivaa, naye huvalishwa.

Mbwa anayelihitaji na asiyelihitaji

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, juu kidogo ya lile la binadamu. Manyoya yake hulihifadhi joto hilo, na linapozidi huhema kwa ulimi nje, kwa sababu tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyayo. Vazi la ziada huingilia mpangilio huu, na kama linamsaidia au kumdhuru hutegemea aina ya mbwa.

Mbwa wadogo hupoteza joto haraka, kwa kuwa ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito wa mwili. Chihuahua, Italian Greyhound na Whippet, wenye manyoya mafupi na mafuta haba chini ya ngozi, hufaidika kweli na sweta wakati wa baridi. Ndivyo ilivyo kwa mbwa mzee, aliyekonda, au aliyenyolewa kwa ajili ya matibabu. Kwa upande mwingine, Siberian Husky, Samoyed na Alaskan Malamute wana manyoya ya tabaka mbili: ya ndani laini na mazito, ya nje marefu yanayozuia unyevu. Kwao sweta ni mzigo wa joto. Mbwa wa pua fupi kama Pug na Bulldog wanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu hupumua kwa shida na huzidiwa na joto mapema.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Desemba kwenye pwani ya Afrika Mashariki ni msimu wa kaskazi na joto, na huko hakuna mbwa anayestahili kuvishwa sufu. Katika nyanda za juu kama Limuru na Njombe baridi hubana zaidi kati ya Juni na Agosti, miezi kadhaa kabla ya sikukuu. Kwa familia ya Waswahili inayoishi Toronto au Stockholm mambo ni tofauti: Desemba ya huko ndiyo inayofaa kwa vazi hili, hasa wakati mbwa anapotolewa nje.

Uzi na sindano

Sufu ya kondoo ndiyo iliyotumika tangu awali, na ina sababu zake. Unywele wa sufu unaweza kunyonya mvuke wa maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla haujahisika kuwa umelowa, na mawimbi yake ya asili hushika hewa inayozuia baridi. Udhaifu wake uko kwenye magamba madogo yanayoufunika unywele. Yakikutana na maji ya moto na msuguano hushikamana, nguo ikasinyaa na kuwa ngumu, isiweze kurudi ilivyokuwa. Ipo sufu iliyotiwa dawa kiwandani ili magamba hayo yafunikwe, nayo hustahimili mashine ya kufulia. Kwa vazi la mnyama anayegaragara chini, hiyo ni faida kubwa.

Akriliki ni uzi wa viwandani, wa bei nafuu na rahisi kufua. Haupitishi unyevu vizuri kama sufu, na huyeyuka ukikaribia moto, kwa hiyo haumfai mbwa anayelala karibu na jiko la kuni. Mchanganyiko wa sufu na akriliki hutoa nguo inayodumu kwa gharama ya wastani. Uzi wenye nyuzi za metali zinazometameta huwasha ngozi, na uzi wenye manyoya marefu yanayochomoka huishia mdomoni. Njia rahisi ya kuujaribu uzi ni kuusugua shingoni kwa muda: ukimwasha mtu, utamwasha na mbwa tumboni, mahali ambapo manyoya ni machache.

Kwa mbwa mdogo hadi wa wastani, gramu 100 hadi 150 za uzi wa unene wa kati hutosha. Uzi wa namna hiyo hufumwa kwa sindano za milimita 4.5 au 5. Ili kufuma kwa mzunguko bila mshono wa pembeni, huhitajika seti ya sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili kwa sehemu ya shingo, na sindano ya mviringo ya sentimita 40 kwa kiwiliwili.

Kupima mwili

Mbwa hupimwa akiwa amesimama wima, kwa futi kamba isiyovutwa. Vipimo vya lazima ni vitano. Cha kwanza ni mzunguko wa shingo, pale ukanda wake unapokaa. Cha pili ni mzunguko wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, mahali palipo panene kuliko pote. Cha tatu ni urefu wa mgongo, kuanzia shina la shingo hadi shina la mkia. Cha nne ni upana wa kifua kati ya miguu miwili ya mbele. Cha tano ni urefu wa upande wa tumbo, ambao kwa dume lazima uishie mbali na sehemu ya kukojolea, la sivyo sweta litalowa kila atokapo nje.

Uzito wa mbwa hautoshi kukisia ukubwa. Dachshund na Pug wanaweza kulingana kwenye mizani, lakini mmoja ni mrefu na mwembamba, mwingine mfupi na mpana wa kifua. Sweta lililofumwa kwa alama za "dogo", "la kati" au "kubwa" humkaa vizuri mbwa kwa bahati tu.

Njia bora ni ile iliyoenezwa na Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Wisconsin, Marekani, na kufariki mwaka 1999. Katika kitabu chake Knitting Without Tears cha mwaka 1971, alisisitiza kwamba mfumaji anayejua idadi ya vitanzi vyake kwa kila kipimo hana haja ya kufungwa na maelekezo ya mtu mwingine. Alifuma masweta ya watu kwa mzunguko, akahesabu sehemu zote kutokana na idadi ya vitanzi vya kiwiliwili. Mantiki hiyo inamfaa mbwa hata kuliko binadamu, kwa kuwa maumbo ya mbwa yanatofautiana sana.

Sampuli na hesabu

Kabla ya kuanza, hufumwa kipande cha majaribio chenye upana wa sentimita 15 hivi, kikafuliwa na kukaushwa jinsi sweta litakavyofuliwa. Kisha huhesabiwa vitanzi na safu zilizomo katika mraba wa sentimita 10 katikati ya kipande. Tuseme hesabu imetoa vitanzi 20 kwa upana na safu 26 kwa urefu. Maana yake, kila sentimita ya upana inahitaji vitanzi 2.

Mfano ufuatao ni wa mbwa mwenye shingo ya sentimita 28, kifua cha sentimita 44 na mgongo wa sentimita 32. Shingo itahitaji vitanzi 56. Kifuani huongezwa sentimita 2 za kupumulia, zikawa 46, sawa na vitanzi 92. Kati ya miguu ya mbele pana sentimita 8, yaani vitanzi 16. Sweta litaishia sentimita 3 kabla ya mkia, hivyo urefu wake mgongoni, ukiacha kola, utakuwa sentimita 29.

Kufuma, kutoka shingoni hadi mkiani

Vitanzi 56 huanzishwa kwa ulegevu, vikagawanywa kwenye sindano nne, na mzunguko ukaunganishwa bila kupindika. Mwanzo wa mzunguko huwekwa katikati ya kifua, upande wa chini, ili alama ya kuungana isionekane. Kola hufumwa kwa mbavu: vitanzi viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, kwa kurudiarudia. Mbavu hunyumbulika, na ndizo zinazowezesha kichwa kilicho kipana kuliko shingo kupita. Baada ya sentimita 10 kola inatosha kukunjwa mara mbili. Kama mbwa hutembezwa kwa kamba, tundu dogo la vitanzi vinne huachwa kisogoni, chini ya mkunjo wa kola, ili kamba ipite na kushikamana na ukanda wake.

Kutoka hapo mfumo ni wa vitanzi vya kawaida tupu. Ili kufika 92 kutoka 56 yanahitajika maongezo 36. Huwekwa alama nne kuzunguka sweta, na katika kila mzunguko wa pili huongezwa kitanzi kimoja penye kila alama. Baada ya kuongeza hivyo mara tisa, yaani mizunguko 18, idadi imetimia na sweta limeshuka sentimita 7 hivi, mahali miguu ya mbele inapoanzia. Vitanzi vikishazidi 80, kazi huhamishiwa kwenye sindano ya mviringo.

Matundu ya miguu ndiyo sehemu inayohitaji utulivu zaidi. Kuanzia mwanzo wa mzunguko hufumwa vitanzi 8 vya kifua, hufungwa 8 vya mguu wa kwanza, hufumwa 60 vya mgongo, hufungwa 8 vya mguu wa pili, na hubaki 8 vya kifua. Sasa kuna vipande viwili: mgongo wa vitanzi 60 na kifua cha vitanzi 16. Kila kimoja hufumwa peke yake kwa kwenda na kurudi, safu ya kurudi ikifumwa kwa vitanzi vya kinyume, hadi safu 18. Kisha vipande huunganishwa tena, na juu ya kila pengo huanzishwa vitanzi 8 vipya. Idadi hurudi 92.

Mizunguko 16 inayofuata, yenye urefu wa sentimita 6, ndiyo uwanja mzuri wa mapambo. Baada yake hufungwa vitanzi 30 vya tumboni, 15 kila upande wa mwanzo wa mzunguko, na 62 vinavyobaki huendelea kama kipande cha mgongo. Katika kila safu ya pili hupunguzwa kitanzi kimoja kila upande, mpaka safu 16 zitimie na vibaki 46. Mwishowe huokotwa vitanzi 12 kwenye kila ubavu na 30 tumboni, jumla 100, na mizunguko minane ya mbavu hukamilisha ukingo. Kwa jike, upande wa tumbo unaweza kurefushwa kidogo kabla ya kufungwa. Mikono hufumwa kwa kuokota vitanzi 44 kuzunguka kila tundu na kuvifuma kwa mbavu kwa sentimita 2 au 3. Mikono mirefu humzuia mbwa kukunja kiwiko.

Mapambo

Mkanda wa michoro hufumwa kwa nyuzi mbili kwa pamoja: ile isiyotumika hupita nyuma ikingoja zamu yake. Mchoro unaojirudia kila baada ya vitanzi vinne unaingia sawasawa katika vitanzi 92, mara 23, kwa hiyo hautavunjika popote. Pembetatu ndogo za miti na nukta za theluji hufumika ndani ya hesabu hiyo. Jambo la kuangalia ni uzi unaopita nyuma. Ukivuka vitanzi zaidi ya vitano bila kushikiliwa, kucha za mbwa zitaunasa wakati wa kuvishwa, na ukivutwa sana, sweta litapoteza unyumbukaji wake.

Mchoro mkubwa, kama nyota ya ncha nane, hufaa kudariziwa mgongoni baada ya sweta kukamilika: sindano ya kushonea yenye uzi wa rangi nyingine hufuata njia ya kila kitanzi, ikikifunika. Lakini kitanzi kina upana mkubwa kuliko kimo. Nyota iliyochorwa kwenye karatasi ya miraba kwa vitanzi 21 na safu 21 itaonekana imebonyea. Kwa kipimo cha mfano huu, upana wa vitanzi 21 unadai safu 27 ili nyota iwe sawa pande zote.

Rangi za Krismasi, nyekundu na kijani, ni furaha ya macho ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ulithibitisha kuwa jicho la mbwa lina aina mbili tu za seli za rangi. Mbwa hutofautisha bluu na manjano, ila nyekundu na kijani humchanganya. Mfumaji yuko huru kuchagua rangi ziipendezazo familia.

Yanayoachwa kwa usalama

Vifungo, njuga, shanga na mapambo ya karatasi zinazong'aa havifai kwenye sweta la mbwa, hata vikishonwa kwa nguvu, kwa maana mbwa hutafuna. Uzi wenyewe ni hatari zaidi ukimezwa. Ncha moja inaponasa tumboni, utumbo huendelea kusukuma chakula na kujikunja juu ya uzi kama marinda ya sketi, hadi uzi uanze kuukata. Mara nyingi tiba ni upasuaji. Uzi ukionekana ukining'inia mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa, usivutwe kamwe. Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo upesi. Ncha zote za nyuzi zifichwe ndani ya mfumo kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, na mabaki ya uzi yasiachwe sakafuni.

Sweta likishakamilika, vidole viwili viweze kupita shingoni na chini ya kwapa bila kulazimisha. Mara ya kwanza mbwa avae kwa dakika chache, akipewa kitu anachokipenda kula. Anayesimama bila kusogea, anayekunja mkia chini ya tumbo au anayelamba midomo mfululizo anaonyesha kwamba hana raha, na inafaa avuliwe. Anayehema ndani ya nyumba iliyopashwa moto naye avuliwe. Hapaswi kuachwa peke yake akiwa amevaa, wala kulala nalo usiku, na likilowa theluji livuliwe mara moja, kwani vazi lililolowa hunyonya joto la mwili.

Kufua na kuhifadhi

Sweta la sufu hufuliwa kwa maji yasiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi na sabuni laini isiyo na manukato makali. Halisokotwi: hukandamizwa ndani ya taulo, kisha likalazwa juu ya sehemu bapa hadi likauke, kwa sababu likitundikwa uzito wa maji hulirefusha. Sikukuu zikiisha huhifadhiwa likiwa safi na kavu ndani ya mfuko uliofungwa, maana nondo hupenda zaidi sufu yenye jasho na mafuta. Mfumaji makini huweka pamoja nalo kipande cha uzi wa akiba kwa ajili ya kuziba matundu, pamoja na karatasi yenye vipimo na hesabu zilizotumika. Mbwa hukua, hunenepa na huzeeka, kwa hiyo Desemba inayofuata apimwe upya kabla ya kuvalishwa.